Kichwa Yangu Iliandikwa ku Élisabethville

Tangu nilirudi, siwezi tena kupita pa soko ya Kikula bila muntu kunikamata mukono. "Mwepu, simulia! Ni kweli balikufungua kichwa? Ni kweli balikuta mule paka maji tu?" Bon. Muikale chini bote, nitasema mara moja, kisha muniachie. Habakufungua kichwa yangu. Baliiandika. Na kama munangoja kujua kama balikuta mule akili, mi mwenyewe nilibauliza, na hakuna hata mumoja alinijibu muzuri.

Kikula: mafuta ya heshima

Bugonjwa yangu munaijua, juu munaitazamaka bure, bila kulipa. Kifafa. Pa misa nilianguka, pa soko nilianguka juu ya nyanya ya mama moja, na ku masomo nilianguka juu ya meza ya mompere directeur, padri mukubwa ya masomo, wino yake yote ikaenda ku kanzu yake nyeupe. Ile mompere! Siku ya Mungu alituhubiria ule kijana ya mu Injili alikuwa anaangukaka mu moto na mu maji, na karibu machozi imutoke. Kesho yake asubui alinipa mufuko yangu. Yesu alimuponyesha ule kijana, mompere alimufukuza huyu: kila muntu na kazi yake. Njo maana masomo yangu ilibakia nusu, na kama hii masimulizi nayo iko nusu, muende kumulalamikia yeye.

Ku nyumba nilikuwa mufalme. Nani tena mu Kikula eko na sahani yake peke yake? Mi nilikuwa nayo: sahani ya bulu, ya chuma, imebanduka kidogo pa mukingo. Bengine bote banakula bukari, ugali yetu, mu sahani moja, mukono na mukono, minye na ya bulu yangu pa mulango, juu bantu banasema kifafa inapitaka mu mate. Tata yangu haiko muntu mubaya. Paka akiona naleta mukono karibu na mboga ya bengine, anakohoa. Kwa miaka minne nilikula na ile kukohoa.

Sasa munganga ya Panda, kule ku lupitalu ya kampuni ya shaba, alisema hajui tena kama mi niko mugonjwa ao niko mwenda-wazimu, juu mara ingine ninaanguka, mara ingine ninalala siku nzima nikitazama ukuta. Akasema ku Élisabethville beko na mashine inaandika nguvu ya bongo, kama vile mawimbi, na ile karatasi njo itasema. Tata akakata neno mbele ya bote: "Karatasi ikisema bugonjwa, utaingia kazi ku atelye ya Panda, kapita musimamizi aliniahidi. Ikisema wazimu, utaenda kuikala ku shamba ya kambo, babu yako, ku mutoni Lufira, kufukuza nyani ku mahindi, mupaka kufa." Nilimuuliza kama nyani nabo bataletewa karatasi ya kusema nani mwenda-wazimu. Alikohoa.

Wa kunisindikiza alikuwa mulamu yangu Kabeya, bwana ya yaya Charlotte, dada yangu mukubwa. Mulamu ni kalani, Kifaransa yake iko sawa shati ya kupigwa pasi. Alizaliwa pa Panda, lakini baba yake alikuja toka Kasai mu wakati kampuni ilikuwa inatafuta bantu ya kazi. Na munakumbuka wakati gani tulikuwa. Inchi yetu ya Katanga ilikuwa imejitenga juzi, mupya kabisa: iko na bendera, iko na misalaba tatu ya shaba juu yake, ilibakia paka kutafuta adui. Na bantu ya Kasai balikuwa karibu, hapana lazima ya kuenda mbali. Kwa hii mulamu alitetemeka kunipita minye, na mi njo mugonjwa.

Asubui ya safari, mama na yaya balinikalisha pa kiti wakati murefu. "Munganga munene hawezi kutazama kichwa sawa kichaka," mama akasema. Bakanipakaa mafuta ya mawese, bakanipakaa vaselini juu ya mafuta, bakanikata njia pa kichwa, moja kwa moja, sawa barabara ya bazungu. Niling'aa mupaka kuku balinitazama. Muiweke ile mafuta mu akili, itarudi.

Juu ya kamyo: mbuzi na mbuzi

Treni haikuwa. Njia ya chuma ilikuwa imevunjwa mahali, na kila muntu alijua ni nani aliivunja, na kila muntu alitaja muntu mwingine. Tulipata kamyo, lori ya kubeba mahindi. Yaya Charlotte, juu ananipenda, akamuendea shofere: "Baba, endesha polepole, mudogo yangu anaangukaka." Aksanti sana, yaya. Shofere alinitazama, akatazama mifuko yake ya mahindi, akasema: "Ataikala nyuma, na mbuzi."

"Mahindi yako inaogopa nini?" nikamuuliza.

"Mahindi bantu banakula," akajibu.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi banaosha mbele ya kukula."

Ku upande ya mama shiye tuko Bena Mbushi, jamaa ya mbuzi. Basi nilisema bon, nimefika kwetu, nikasalimia bote mumoja mumoja. Mulamu akapanda nyuma yangu na kamba. Ncha moja akaifunga ku mukaba yangu, ingine ku mukono yake.

"Ni ya nini, mulamu?"

"Ukianguka, nitakuvuta usitoke mu kamyo."

"Na juu ya nini iko mirefu vile?"

Alikaza fundo. Lakini mi nilipima kwa macho: meta mbili. Njo mwisho kalani aliona mate inaweza kufika. Muntu ya masomo mingi!

Tukaenda. Vumbi, mawe, kamyo ikasimama juu maji iliisha, ikasimama juu mupira ya pneu ilipasuka, ikasimama juu shofere alikuwa na muke pa kijiji moja na alipashwa kumusalimia muzuri. Na mu ile kusimama yote, mbuzi bakavumbua mafuta ya mama. Mumoja alianza ku sikio, aliona ni tamu, akaita benzake. Balinilamba kichwa toka kijiji ya muke ya shofere mupaka karibu na mutoni. Mulamu alicheka mupaka kamba ikatikisika.

"Bafukuze!" nikasema.

"Siwezi. Ni jamaa yako."

Barabara ya bazungu ilipotea. Pa nafasi yake ilibakia mate na vumbi, na ile vaselini ya chini, ambayo hata mbuzi balikataa.

Daraja ya Lufira: ile ni chama gani?

Pa daraja ya Lufira kulikuwa baryeri: mapipa mbili, muti moja, na basoda, askari ya jeshi, bengi kupita kazi. Balituteremusha bote. Mukubwa yabo alikuwa kijana, macho yekundu, na miwani ya jua ingali na karatasi ya duka.

"Munaenda wapi?"

"Ku lupitalu," nikasema. "Beko naenda kuandika kichwa yangu."

"Kuandika nini mu kichwa?"

Mulamu, badala ya kunyamaza, alitoa Kifaransa yake ya pasi: "Mon commandant, c'est pour un électroencéphalogramme."

Ule soda alisogea karibu. Akauliza polepole: "Ile ni chama gani?"

Siku zile kila chama ilikuwa na jina mirefu vile, simulaumu. Lakini alituikalisha pa jua toka saa sita mupaka saa tisa juu ya ile chama. Mwisho nilimuelezea: ni mashine, inaweka bintu pa kichwa, kisha kalamu inaandika yenye iko mule. Akatoa miwani.

"Inaandika yote?"

"Banasema yote."

"Bon. Ukirudi, utapita na ile karatasi hapa. Mi nitasoma." Akatazama mulamu wakati murefu. "Na huyu naye angeandikwa."

Mu ile kungoja kulikuwa mama moja anauzisha bilazi, biazi ya kuchoma. Hakukuwa na sahani, alituwekea mu jani. Juu hakunijua, aliikala karibu yangu, akasema habari ya mvua, habari ya bwana yake, na akisema anakamata kilazi mu jani yangu mwenyewe, anakula, anarudisha mukono. Mulamu alinitazama kama kusema: umuambie. Sikumuambia. Nilikula polepole sawa mwizi, bilazi isiishe. Munihukumu.

Élisabethville: lupango ya lupitalu

Tulifika kesho yake. Muji ilikuwa imejaa basoda ya kila rangi, bale ya kofia ya bulu, bageni balikuja kutuliza vita, banalinda upande hii, bale yetu banalinda upande ile, na raia katikati banabeba bukari yabo haraka. Pa lupitalu balitupeleka ku anfirmie moja, muuguzi, muzee mufupi ya imvi, sauti sawa ya muntu munene: tata Musonda. Njo yeye anaweka bagonjwa ku mashine. Alitia kidole mu nywele yangu, akaitazama kidole.

"Hii ni kichwa ao ni sufuria ya kukaanga mandazi?"

"Ni heshima, tata. Mama yangu aliipakaa juu yenu."

"Mashine haipendi heshima. Ile bintu ya waya habatakamata hapa hata siku moja. Na hii ingine ni nini?"

"Ni mbuzi, tata."

Aliuliza mbuzi balitafuta nini pa kichwa ya muntu, na mi nikajibu ni jamaa, juu ku mama tuko Bena Mbushi. Mweye! Ule muzee alipiga mikono, akazunguka mara mbili mu chumba. "Mbushi! Mungu aliniletea Mbushi! Mi niko Mwina Ngo!"

Kwa bale hawana kambo wa kubafundisha: ngo ni chui. Chui na mbuzi ni banungwe, ni kusema batani. Munungwe anaweza kukutukana na baba yako na kaburi ya baba yako, huwezi kukasirika. Anaweza kukamata kintu yako, huwezi kuiomba tena. Mbele yake hakuna haya. Na siku utakufa, bandugu bakiogopa kukushika, njo yeye anakuosha, njo yeye anachimba kaburi, na anakutukana mupaka mule.

"Inama, nyama weye," Musonda akasema, na alinisukuma kichwa mu beseni. Sabuni mara moja, mbili, tatu. Alikwangura sawa muntu anaosha chungu ya kuungua. Nilikuwa safi mupaka nilisikia baridi mu mawazo.

Kisha mashine haikufanya kazi juu hapana kura, umeme, mu waya. Mahali ku muji baliipiga, kila upande ilisema ni ule mwingine. Tulingoja siku mbili mu lupango, pale bandugu ya bagonjwa banapika ku mbabula ya makala. Siku ya pili saa ya kukula, mulamu alinipikia bukari na kapenta, samaki kidogo, akaweka yangu mu sahani ya bulu, yenye mama alitutilia mu mufuko, akarudi meta mbili. Musonda alipita, akaona.

"Juu ya nini huyu anakula sawa mbwa ya polisi?"

Mulamu, na Kifaransa nzima, alielezea mate.

"Na weye uko kalani," Musonda akasema. "Mi niko hapa miaka kumi na tano. Balinitemea, balinitapikia, balinilamba. Nilianguka wapi?" Aliikala chini, akavuta sahani yangu, akafinyanga bukari yangu, akatoboa, akachota kapenta yangu. Akakula. Mi sikuweza kukula, nilikuwa natazama paka ile mukono inaenda na kurudi. Alimaliza yote, hata mafuta ya chini alipangusa. Kisha alisimama, akaweka sahani mu kwapa.

"Hii ni ya Ngo sasa."

"Munungwe, niko nayo paka ile moja!"

"Njo maana ninaikamata."

Na akaenda nayo.

Mu chumba ya mashine

Kura ilirudi siku ya tatu asubui. Mulamu alikataa kuingia. "Leo mu akili yangu muko bintu haipashwe kuandikwa," akasema, na aliikala kule mwisho ya lupango, mikono pa kichwa, sawa mashine itamusikia kupitia ukuta.

Munganga muzungu alikuwa murefu, sigara mu kinywa, macho mu makaratasi. Ninaapa, mu saa nzima aliona paka nywele yangu. Musonda alinilalisha, akanivalisha mikaba ya mpira na bintu kidogo ya kulowana na chumvi. Balisema: funga macho. Fungua. Pumua mingi, mingi, sawa unapuliza moto ya kuni bichi. Kisha taa ikapiga mu macho, pa-pa-pa-pa, na kalamu zikakwangura karatasi sawa kuku pa takataka. Karatasi ilitoka, ilitoka, ilifika chini, ikajikunja. Nilisema mu roho: Mwepu, ku masomo ulishindwa kujaza ukurasa moja.

Kisha munganga alianza kusoma maulizo mu karatasi, Musonda akigeuza mu Kiswahili.

"Anauliza, unasikiaka sauti ya bantu haukubaona?"

"Eyo. Yaya Charlotte. Toka asubui, hata akiwa ku soko."

"Unaonaka bantu banakuchukia?"

"Mi niko Katanga, tata. Sema nani haonaki."

Munganga aliandika. Musonda hakucheka. "Anauliza, ulifikiria siku moja kujiua?"

Nilikuwa na jibu yangu tayari, ya kuchekesha. Nilifungua kinywa. Haikutoka. Nikatafuta ingine. Ile nayo haikutoka. Kalamu zingali zinakwangura. Mara ya kwanza mu maisha yangu, mi Mwepu, niliikosa.

Musonda alishusha sauti. "Weye mbuzi. Munganga ni mugeni, umufiche. Mi ni Ngo. Mbele yangu hauna haya. Sema."

Basi nilisema. Na ninyi munaniulizaka ku soko, hii njo yenye sikubaambia. Mu mwezi ya mvua nilienda pa ule shimo munene ya zamani ya kampuni, munajua mahali waya ya kuizunguka imekatika. Niliikala pa mukingo kabisa, miguu mu hewa. Sikutaka kuruka, kuruka ni zambi, mompere alitufundisha. Nilingoja kifafa. Nilisema ikuje, inisukume, hakuna atanilaumu. Nilingoja toka asubui mupaka jua ilishuka. Mi mwenye kuanguka pa misa, pa soko, juu ya wino! Ile siku, hata kutetemeka kidogo. Bugonjwa yenyewe ilinikataa. Nilirudi ku nyumba, nikakuta bukari yangu ya baridi mu sahani ya bulu, nikageukia ukuta.

Musonda alinitazama. Kisha alikasirika vibaya, mishipa ya shingo ikasimama.

"Na nani atakuzika?"

"Sijui, tata."

"Haujui! Njo mi! Ni kazi ya Ngo! Na hii muji, hauone? Kila siku niko nachimba makaburi. Mikono yangu tazama. Na weye, mbuzi ya bure, unataka kuniongezea kazi bila kuniuliza? Nilikupa ruhusa? Jembe yangu iko ku ukuta, na itaikala kule mupaka mi mwenyewe nitasema. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jibu sawa muntu!"

"Nimesikia, chui ya mukia kukatika."

"Njo vile," akasema, na alipangusa pua na mukono ya kanzu yake ya kazi. Akamugeukia munganga, akamuambia maneno kidogo mu Kifaransa. Ule muzungu alitoa sigara mu kinywa. Akavuta kiti. Akanitazama mu macho, na kumbe alikuwa na macho ya kawaida, ya muntu hajalala.

Hakusema mingi. Pa karatasi, akaonyesha, mawimbi inaenda muzuri, kisha hapa inapanda milima: ile njo kifafa. Haiko wazimu. Na ile ya ukuta nayo haiko wazimu, haiko buvivu, ni bugonjwa ya pili, inatembeaka na ile ya kwanza sawa muke na bwana. Kidonge kila siku, usiruke hata moja. Na kila mwezi kusema na muntu, kusema kweli. "Na nani?" nikauliza. Alionyesha Musonda na sigara. Niliuliza kama kuna mwingine.

Lufira tena: karte ya adui

Tulirudi juu ya kamyo ingine, na barua ya munganga na kipande ya karatasi ya mawimbi, mirefu sawa mukaba, ya kupeleka Panda. Mulamu aliikunja mu koti yake, juu mi ningeipoteza. Njo kosa.

Pa daraja, ule mwenye miwani alitukumbuka. "Mulete kichwa!" Alifungua karatasi juu ya pipa. Aliisoma kichwa-chini. Kisha akaita benzake batatu, na bote banne bakainamia.

"Hapa ni milima," mumoja akasema.

"Hapa ni mutoni," mwingine akasema. "Inapindika sawa hii yetu."

Mwenye miwani aliweka kidole pale kifafa yangu inapanda. "Na hapa?" Sauti yake iligeuka. "Hapa ni mashimo ya basoda yetu. Hii ni karte, ramani!" Akatazama mulamu. "Ilikuwa mu koti ya nani? Ya mu-Kasai."

Niliwaambia ni kichwa yangu. Niliapa. Niliwaambia hakuna adui anaweza kupita mule, hata mi ninapoteaka. Habakucheka. Balishamuvua mulamu viatu, na muntu anavuliwa viatu pa ile daraja, munajua banamupeleka nyuma ya nyumba. Mulamu alisema Kifaransa, kisha Kiswahili. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

Hapa mi sikuona tena, mulamu njo alinisimulia. Anasema nilisema, "Mungoje, nitaonyesha," na nilienda chini sawa mufuko. Kifafa nzima, na povu, na macho ya kugeuka. Kidonge nilikuwa nimekula paka mbili, haikuwa imeanza kazi. Na jeshi ya inchi mupya, yenye bunduki, yenye bendera, ilikimbia! Anasema mwenye miwani aliruka pipa. "Mate! Mate! Musimuguse!" Shofere wa kamyo alikimbia nabo. Pa daraja ya Lufira tulibakia paka babili, na karatasi juu ya pipa.

Mulamu naye angeweza kukimbia. Miguu ilikuwa huru, hata viatu haikuwa nayo. Lakini aliikala chini mu vumbi, akakamata kichwa yangu, akaigeuza upande, akaweka koti yake ya kalani chini yake. Povu ilimuenda ku mikono yote mbili. Hapana meta mbili. Hapana hata kidole.

Nilifungua macho, nikamuona juu yangu, analia.

"Mulamu," nikasema, "kamba iko wapi?"

"Nyamaza, mupumbavu," akasema, na hakuniachia.

Basoda balitufungulia baryeri toka mbali, na muti mirefu. Mwenye miwani alipiga kelele tuende, tuende na karatasi yetu, na tusirudi mara ingine. Viatu ya mulamu bakairusha, na shofere akarudi ku kamyo yake. Munaniuliza kama niliogopa. Ninyi, ambao munakimbiaka basoda: mi basoda balinikimbia. Muandike ile.

Kikula: kichwa ya samaki

Kapita ya Panda alisoma barua, alisoma tena, akasema bon, lakini hapana karibu na mashine ya kuzunguka. Alinipa chumba ya bintu ya kazi, kugawia bantu nyundo na funguo. Haiko atelye kabisa, iko mulango ya atelye. Mompere directeur alinikuta pa njia, akasema aliniombeaka siku zote. Nilimuambia sasa anaweza kupumuzika.

Lakini mbele ya ile yote, siku ile tulifika, jua ingaliko, mama alileta bukari na samaki ya Lufira. Bote baliikala chini. Mi niliikala pa mulango, desturi ni desturi. Mama akatafuta.

"Sahani yako iko wapi?"

"Munungwe aliikamata. Mwina Ngo. Alikula mule, kisha akaenda nayo."

Mama akaweka mwiko chini. Kintu imekamatwa na munungwe hakuna muntu anaiomba, na hakuna ananunua ingine sawa ile, ni aibu kwa jamaa nzima. Tata naye anaijua. Alitazama mulamu.

"Alikula mule? Uliona?"

"Niliona, tata. Hata mafuta alipangusa." Mulamu aliangalia mikono yake. "Na mi nilishika povu. Niko hapa."

Tata aliosha mikono wakati murefu, kila kidole. Mi nilingoja akohoe. Ningependa kubaambia alilia, alinikumbatia, alisema mutoto yangu. Ninyi munajua tata yangu. Alisogea kidogo ku upande, nafasi ya matako moja, akasema:

"Usikule haraka. Na kichwa ya samaki ni yangu."

Nilikula polepole. Sawa pa daraja.

Bidonge ya mwezi hii ilifika juzi na kamyo ya mahindi, mu bahasha ya lupitalu, na kipande ya karatasi ndani, maandiko makubwa ya muzee: "Mbuzi, jembe yangu iko ku ukuta. Na weye?" Nilikuwa na wiki mbaya, sitabaficha, ukuta yangu nayo ilikuwa inaniita. Nilikula kidonge. Nilimuandikia yote, bila haya, kurasa mbili, mi niliyeshindwa kujaza moja ku masomo. Na chini kabisa nikaongeza: "Chui, uiachie pale. Ikamate kutu."